Mrudishie Dada Jina Lake

Tunu alijua kusoma mapema kuliko wenzake wengi darasani, na mama yake mdogo alijisifia jambo hilo kwa kila aliyekubali kusikiliza, mpaka siku ile walipokwenda makaburini kung'oa majani.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko, udongo bado laini kwa mvua ya jana. Kaburi la mama yake Tunu halikuwa na jiwe. Lilikuwa na kibao cha mbao ambacho rangi yake ilishaanza kubanduka. La pembeni yake ndilo lililojengwa vizuri, dogo, jeupe, lenye jiwe la kichwani na maandishi ya kuchonga. Mama mdogo aliinama akashughulika na majani ya kwa dada yake. Hakuwaza kingine. Mara ya mwisho kumleta mtoto pale ilikuwa siku ya mazishi, na siku hiyo herufi kwa Tunu zilikuwa bado michoro tu.

Nyuma yake akasikia sauti ndogo ikiunganisha silabi, kwa ule mdundo wa darasani. Jina la kwanza. Kimya kidogo. Jina la baba. Kimya tena. Jina la babu.

Mama mdogo akanyanyuka na majani yake mkononi.

"Mama mdogo," Tunu alisema bila kuondoa kidole kwenye jiwe, "hapa wameniandika mimi."

Na kweli hakukosea kusoma. Majina yale matatu, herufi kwa herufi, ndiyo yaliyokuwa juu ya madaftari yake na kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Tunu lilikuwa jina la nyumbani tu, alilobandikwa na mama mdogo mwenyewe akiwa bado kichanga, na likamganda. Lile la serikalini lilikuwa na mwenyewe kabla yake.

Dada yake mama mdogo alikuwa amezaa binti mwingine hapo mwanzo. Binti huyo alirudi shuleni mchana mmoja akilalamika kichwa. Jioni shingo ikakakamaa. Kesho yake watu walikuwa wanaulizana nani ataleta majembe. Homa ya uti wa mgongo, alisema daktari, kana kwamba kulijua jina la ugonjwa kungemsaidia mtu. Alikuwa amebakiza kidogo tu atimize miaka minane.

Tangu hapo dada mtu akawa mtu wa dirishani. Ukimsemesha anakujibu, lakini macho yako nje. Alipopata mimba tena ndipo alipoanza kula chakula kikashuka, na alipojifungua mtoto wa kike alimtazama usoni mara moja tu akasema, "Karudi." Akampa jina lile lile. Watu wakasema ni kumbukumbu, ni jambo jema, masikini mama wa watu kapata cha kumfariji. Nani angekuwa na roho ya kumkatalia?

Lakini haikuishia kwenye jina. Nguo zilizofungiwa sandukuni zilitoka moja moja kadiri mtoto alivyorefuka. Kiti chake mezani kikawa kile kile. Na mama alikuwa na mtindo wa kumsimulia mtoto mambo kana kwamba anamkumbusha. Unakumbuka ulivyoiangusha saa ya ukutani? Unakumbuka ulivyomlilia yule mwanasesere tuliyemsahau kituo cha basi? Mwanzoni Tunu alikuwa ananyamaza. Baadaye akawa anaitikia kwa kichwa. Mwisho akawa anakumbuka kwelikweli, hata akiongeza gauni la mwanasesere lilikuwa na vifungo gani.

Mama mdogo aliwahi kulisema wazi. "Dada, huyu ni mwingine. Huyu hakuwepo."

Dada yake alimtazama kwa upole uliomtia baridi. "Wewe hujazaa," alimjibu. "Utajuaje?"

Mama mdogo akafyata mdomo, na hakulisema tena mpaka dada yake alipoanguka siku moja akiwa anaanika nguo, presha, asiamke. Baba yake Tunu, dereva wa malori ya masafa marefu, alikubali mbele ya mahakama kwamba shemeji yake, aliyehamia nyumbani kwao, awe mlezi wa mtoto kisheria, akabusu paji la uso la binti yake, akarudi barabarani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu asiyeweza kukaa kwenye chumba chenye picha ukutani.

Basi baada ya siku ile ya makaburini, Tunu aliacha kuitikia lile jina.

Mama mdogo alikuwa fundi miwani. Alishinda kwenye chumba cha nyuma cha duka, akisaga vioo vikae sawa kwenye fremu na kukaza skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, huku mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Lenzi, akihudumia wateja mbele. Mzee Lenzi aliwauzia watu miwani miaka nenda miaka rudi, lakini mwenyewe alisoma bei kwa kuinyoosha karatasi mbali kama anamwonyesha jirani, na ukimuuliza anasema miwani itamzeesha. Ndiye aliyekuja siku moja kubisha mlango wa nyuma. "Simu yako, binti yangu. Ni shuleni. Wanasema si ugonjwa, ila uende."

Mwalimu wa darasa alikuwa mwanamke mchanga aliyeonekana kuona aibu kwa alichotaka kusema. Alifunga mlango wa ofisi kwanza.

"Mama, nikiita majina asubuhi haitiki. Nilidhani ni ukaidi. Lakini nikimwita ananitazama hivi, halafu anageuka nyuma, kama vile niliyemwita amekaa nyuma yake. Na yeye anakaa dawati la mwisho. Nyuma yake ni ukuta."

"Anageuka tu?"

"Anageuka, anasubiri. Kama anayempa mtu nafasi ya kujibu."

Njiani kurudi nyumbani mama mdogo alimshika mtoto mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tunu alitembea kimya, kisha akauliza kama anayeuliza saa ngapi, "Mama mdogo, safari hii nitakufa kabla ya siku yangu ya kuzaliwa au baada?"

"Nani kasema utakufa?"

"Kwenye jiwe kuna miaka. Nilitoa." Alimaanisha hesabu ya kutoa, waliyoianza muhula ule. "Nilikuwa sijafika minane."

Mama mdogo alichuchumaa hapo hapo barabarani, watu wakampita, akamweleza yote. Kwamba kulikuwa na dada mkubwa. Kwamba alifariki. Kwamba yeye Tunu ni mtu wake mwenyewe, hajafa hata siku moja. Tunu alisikiliza kwa heshima, kama mtoto anavyomsikiliza mtu mzima anayekosea njia.

"Sasa mbona ninamkumbuka?" aliuliza.

Mama mdogo akainuka, akamshika tena mkono, wakaendelea kutembea.

Siku zikaanza kuwa nzito. Tunu alikula kidogo, tena kwa kumega, kama anayemwachia mwingine. Alikataa kukaa kwenye kile kiti. Kwenye daftari, mahali pa kuandika jina pakawa peupe. Na mama mdogo, mtu wa kazi za milimita asiyeamini asichokipima, naye akaanza kusikia vitu. Alasiri moja alikuwa jikoni anasuuza vikombe, Tunu yuko mezani anachora. Kutoka kwenye ujia wa vyumba akasikia lile jina likiitwa. Lilikuwa na ule mvuto wa dada yake, wa kuirefusha silabi ya mwisho na kuipandisha kidogo, kama anayeita mtoto aje kuoga. Mama mdogo alishafungua kinywa kusema "yuko huku."

"Usiitike," Tunu alisema bila kuinua kichwa kwenye karatasi. "Haniiti mimi."

Kikombe kilimponyoka. Hakikuvunjika, kiligonga sinki kikalala. Walitazamana, mtu mzima na mtoto, na hakuna aliyemuuliza mwenzake umesikia nini.

Baada ya hapo ndipo alipomkuta Tunu chumbani, amekaa sakafuni mbele ya kabati lililo wazi, amezitandika zile nguo za sandukuni, anazungumza kwa sauti ya chini ya kubembeleza. "Chukua. Ni lako, mimi silitaki. Chukua basi." Mama mdogo alisimama mlangoni mpaka miguu ikamfa ganzi.

"Unaongea na nani, mwanangu?"

"Nimemwambia dada achukue jina lake," Tunu alisema. Uso wake ulikuwa umechoka kama wa mtu mzima. "Anasema hawezi kulichukua mpaka wakubwa waseme."

Mama mdogo hakulala vizuri, na kulipokucha alikuwa amekata shauri. Kama ni wakubwa wanaotakiwa kusema, basi watasema, tena mbele ya serikali, yule mkubwa kuliko wote, kwa muhuri.

Karani wa ofisi ya usajili wa vizazi alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kila aina ya uongo. Alikigeuza cheti cha Tunu mbele na nyuma.

"Watu huja hapa kwa sababu herufi zimekosewa," alisema. "Hizi ziko sawa. Tatizo ni nini?"

"Tatizo ni kwamba ziko sawa mno," mama mdogo alijibu.

Karani alimtazama, akaona hatanii, akashusha sauti. Akamweleza taratibu bila mbwembwe. Mlezi anaweza kuomba kubadilisha jina la mtoto, lakini mzazi aliye hai lazima aridhie kwa maandishi. Atahitaji kiapo mbele ya wakili, kisha tangazo gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha hakimu atamwona mtoto mwenyewe na kuamua kama jambo lina manufaa kwake. "Si gumu," karani alisema. "Gumu huwa ni watu."

Wakili aliyempata alikuwa mteja wa dukani, mama mnene mcheshi aliyevunja miwani kila baada ya kesi kubwa kwa kuikalia. Alimsikiliza mpaka mwisho, na ucheshi ukamtoka kidogo kidogo.

"Kwenye kiapo tutaandika kwamba jina linamsumbua mtoto kisaikolojia," alisema. "Hayo mengine ya ujia na kabati, mdogo wangu, tuyaache nyumbani. Mahakama haina mahali pa kuyaweka."

"Na wewe unaamini?"

Wakili alifuta miwani kwa pindo la blauzi. "Mimi naamini mtoto hali chakula. Hiyo inatosha kwa kesi. Mlete baba."

Baba alikuja Jumapili, lori amelipaki uwanja wa mwisho wa mtaa, nguo zikinuka dizeli na jua. Alisimama mlangoni na zawadi kwapani akaita lile jina kwa furaha. Tunu, aliyekuwa mbele yake kabisa, aligeuka akatazama nyuma.

Furaha ilimtoka baba usoni. "Amekuwaje huyu?"

Mama mdogo alimkalisha, akampa chai, akamweleza. Alipofika kwenye neno mahakama, kikombe kilirudi mezani kwa kishindo.

"Hapana, shemeji. Hilo hapana." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Mimi nimezika mtoto, nimezika mke. Unajua kilichobaki? Nikiwa huko porini, usingizi unanivuta kwenye usukani, ninapiga simu hapa nalisema lile jina, na mtu anaitika. Basi. Najua sijazika kila kitu. Leo unataka mimi mwenyewe nitie sahihi lifutwe? Huko ni kumzika mara ya pili."

"Na huyu aliye hai nani atamwita, shemeji?"

"Huyu ana jina! Tena la heshima!"

"Ana jina la mtu."

Baba alimwita Tunu, akampakata, kama anayemleta shahidi upande wake. Alilainisha sauti. "Mama, huna shida na jina lako, si ndiyo? Si unakumbuka safari yetu, mimi na wewe, kwenye lori?"

Mama mdogo alitaka kumzuia. Tunu hakuwahi kupanda lile lori hata siku moja. Baba hakuwahi kumchukua tangu azaliwe, na mtu yeyote angeliona hilo ni kosa la huzuni, mtu amewachanganya wanawe. Lakini Tunu alishaanza kujibu, macho yake yametulia kwenye kifungo cha shati la baba.

"Nakumbuka. Tulimgonga mbwa."

Mkono wa baba uliokuwa unampapasa kichwani ulisimama.

"Alikuwa wa kahawia. Ulishuka ukamvuta pembeni ya barabara, ukamfunika na koti lako. Ukalia. Ukasema tusimwambie mama."

Nje mtu alikuwa anapigilia misumari kwenye bati.

"Nani kamwambia hayo?" baba aliuliza. Alikuwa anamuuliza shemeji yake, lakini macho hayakutoka kwa mtoto. "Tulikuwa wawili tu mle. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu sikumwambia, kwa aibu ya kulia."

"Labda yule alimwambia mama yake," mama mdogo alisema. "Watoto hawana siri, shemeji. Kisha mama yake akamsimulia huyu, kama alivyomsimulia mengine yote."

"Labda," baba alisema. Hakuonekana kuwa na mahali pa kuliegemeza neno hilo. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeinama kuchungulia kisimani, akamuuliza mtoto, "Na baada ya hapo?"

Tunu alifumba macho. "Baada ya hapo uliniambia nishike usukani na wewe. Ulikuwa wa moto."

Baba akamkumbatia, mabega yakaanza kumtikisika, akalia kilio cha mtu aliyekipeleka mbali kwa miaka kikamrudia. Na hapo angeweza kukwama milele, mama mdogo aliliona hilo wazi. Alikuwa amempata marehemu wake mikononi, ana joto, anazungumza. Mtu gani angemwachia?

Ni Tunu aliyejinasua. Alimsukuma kifuani taratibu, akamfuta shavu kwa kiganja.

"Baba, haya si ya kwangu," alisema. "Ni ya dada. Nimechoka kuyashika."

Baba alimtazama muda mrefu. Labda ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona kwamba ana pengo la jino upande ambao yule mwingine hakuwa nalo, na nyusi za upande wa mama, na kovu dogo kidevuni lisilotoka kwenye hadithi yoyote. Kisha akamshusha chini akauliza, "Hiyo ridhaa inaandikwaje?"

Tangazo lilitoka gazetini, dogo, kati ya mtu aliyepoteza hati ya nyumba na kampuni inayofungwa. Muda wa pingamizi ulikuwa mgumu kuliko yote. Hakuna binadamu ambaye angepinga, lakini mama mdogo aliishi kama anayesubiri hodi. Akifungua mlango wa duka asubuhi, akifungua kabati, akizima bomba, alikuwa anasikiliza. Alijua mwenye pingamizi ni nani. Dada yake alimlea, alimbeba mgongoni, alimpeleka shule akiwa mdogo kuliko Tunu. Kitu kimoja tu alichokishikilia dada yule duniani kilikuwa ni lile jina, na yeye anakwenda kumpokonya ilhali hayupo kujitetea. Mara nyingine, akiwa amekaza macho kwenye skrubu, alihisi mtu amesimama nyuma ya bega lake, kimya, bila hasira, na hilo la kutokuwa na hasira ndilo lililomtesa.

Siku ya mahakama hakimu hakuwaketisha ukumbini. Aliwaita ofisini kwake, chumba chenye mafaili hadi dirishani na feni iliyokuwa inazunguka kwa kulalamika. Alikuwa mzee mwenye kikohozi na macho ya kuvumilia. Alisoma kiapo, akamuuliza baba kama ameridhia kwa hiari. Baba akasema ndiyo, akarudia mara ya pili. Kisha hakimu akauliza, kwa kuwa sheria inamtaka aulize, kama kuna yeyote mwenye pingamizi.

Feni ilizunguka. Mama mdogo aliinamisha kichwa. Alisikia, au alidhani amesikia, kiti kikisogezwa upande ambao hakukuwa na kiti. Akaomba kimoyomoyo: Dada, niachie huyu. Mchukue yule, niachie huyu.

"Hakuna," alisema wakili.

Hakimu akamgeukia mtoto. "Unajua kwa nini tumekuita hapa?"

"Kurudisha jina," Tunu alisema.

Wakili alikohoa kuwahi kuingilia, hakimu akamnyamazisha kwa kidole.

"Na wewe unataka uitwe nani?"

"Tunu."

"Nani kakuchagulia?"

"Ni langu tangu nizaliwe. Hakuna aliyelitumia kabla yangu."

Hakimu aliandika. Ilionekana yamekwisha, lakini Tunu alisogea mpaka mezani, kidevu kikafika ukingoni. "Mheshimiwa," alisema, maana ndivyo wakili alivyomfundisha, "lile la zamani litakwenda wapi?"

Mzee yule aliweka kalamu chini. Alimtazama wakili kana kwamba kuna kifungu amekisahau, wakili naye akatazama viatu vyake. "Sheria haisemi," hakimu alikiri. Alifikiri. "Lakini mimi nasema, kwa hiyo limesemwa. Linarudi kwa dada yako. Kuanzia leo ni la kwake peke yake."

Tunu alishusha pumzi ndefu, akageuka akatazama nyuma yake, pale penye mafaili. Safari hii hakusubiri. Alitazama tu, kama unavyomtazama mtu akitoka mlangoni, kisha akaenda kumshika baba yake mkono.

Ungedhani mambo yaliishia hapo, na mama mdogo naye alitaka kudhani hivyo. Tunu alianza kula. Mwalimu alipiga simu kusema mtoto ameitika mpaka darasa zima likacheka. Lakini siku ya kuzaliwa, ya kutimiza miaka minane, ilikuwa bado mbele, na zilipobaki siku chache Tunu alirudi shuleni mchana, akaweka mkoba chini, akasema kichwa kinamuuma.

Mama mdogo hakumbuki alivyofika hospitali. Anakumbuka kwamba alitoka na koti la kazi na kibisibisi mfukoni, mtoto begani japo alikuwa mkubwa wa kutembea, na kwamba ilikuwa ile ile hospitali alikopelekwa yule wa kwanza, mlango ule ule, na ukutani rangi ile ile ya kijani. Muuguzi wa mapokezi akauliza, "Jina la mgonjwa?"

Na mama mdogo, aliyekula kiapo, aliyehangaika miezi na ofisi, aliyesimama mbele ya hakimu, alifungua kinywa akataja lile jina. Yote matatu.

Muuguzi akaanza kuandika.

"Siyo mimi," Tunu alisema kutoka begani. Aliinua kichwa akamshika mama mdogo uso kwa mikono yote miwili, ikiwa na jasho, akamgeuza amtazame. "Mama mdogo. Huyo ndiye aliyekufa. Mimi ninaumwa tu."

Mama mdogo aliletewa kiti na muuguzi. Alipokaa alisema, "Futa. Andika Tunu."

Daktari alimpima shingo, akamwinamisha kichwa, akamwangaza macho. Shingo ilikunjika kama ya mtoto yeyote. Akamuuliza amekunywa maji saa ngapi, na ikabainika kuwa Tunu ameshinda juani akiruka kamba, bila maji, kwa sababu alikuwa anashinda na hakutaka kumpa mwenzake zamu. "Mpe maji, mpe kivuli," daktari alisema. "Na wewe mama, kaa kidogo kabla ya kutembea."

Walikaa kwenye benchi la nje mpaka jua likapungua. Mama mdogo alilia bila kujificha. Tunu alikunywa chupa nzima ya maji, akambembeleza kwa kumpigapiga mgongoni, akamweleza kwa kirefu jinsi alivyowashinda wenzake kuruka kamba.

Siku ya kuzaliwa ilikuja ikapita. Mzee Lenzi alimletea Tunu fremu tupu ya miwani isiyo na vioo, avae avyotaka, na akaivaa mpaka mezani. Zile nguo mama mdogo alizifua, akazipeleka kwa watu wenye watoto, bila kuwaambia zilikuwa za nani. Kibao cha mbao kilibadilishwa, baba akajenga jiwe la mke wake kwa mkono wake. Likizo ilipofika alikuja na lori akamchukua Tunu, safari fupi ya kwenda na kurudi, na hakumuuliza anakumbuka nini. Alimwambia tu, "Panda. Kaa upande huu, utaona vizuri."

Nyumba ilibaki na mama mdogo peke yake. Mchana wa siku ya pili alikuwa anafagia sebule aliposikia tena, kutoka kule kwenye ujia, lile jina likiitwa, silabi ya mwisho ikivutwa na kupandishwa. Safari hii hakushtuka. Aliegemeza ufagio ukutani, akaenda akasimama kwenye mdomo wa ujia. Hapakuwa na kitu ila mwanga wa dirisha sakafuni na milango iliyo wazi.

"Dada," alisema. "Hayuko huku. Yuko huko huko kwako. Mwite kwa nguvu kidogo, atasikia."

Alisimama akingoja. Kwa mbali mtaani mtoto wa mtu aliitwa, akaitika. Mama mdogo akarudi kwenye ufagio wake, akamalizia sebule, akafagia na ujia mpaka mwisho. Jioni honi ya lori ilipolia uwanjani alitoka mbio, na kabla hajafika Tunu alikuwa ameshaning'inia mlangoni, ile fremu tupu puani, anapiga kelele kwamba wameona moto unawaka juu ya kilima kizima na baba amesimamisha lori ili aangalie.

"Nani kakuambia kilima kizima?" mama mdogo aliuliza kwa utani, huku akimteremsha.

"Hakuna aliyeniambia," Tunu alisema, akashangaa swali lenyewe. "Nilikuwepo."